Daraja Fupi la Mama Aune

Aune Hanhisalo ana watoto wanne, na anayemuudhi kuliko wote ni yule aliyepata kazi nzuri. Tuure ni nahodha wa meli ya kuvunja barafu. Sisi wa kisiwani, mbele ya bandari ya Kemi, bahari ikiganda tunakwenda bara kwa miguu, na njia ya meli hukata njia yetu katikati. Kwa hiyo tuna daraja: mbao juu ya mapipa, tunaloliburuta kando meli ikija na kulirudisha ikishapita, huku tukitukana.

Ubaya wa barafu ni kwamba ukiivunja haiendi popote. Vipande hubaki palepale, huganda upya, vikavunjwa tena, hadi njia ya meli inakuwa ngumu kuliko bahari isiyoguswa. Hapo mvunjaji husogea pembeni, akachana barafu mpya, na njia ikapanuka. Jumanne Tuure aliipanua kwa ustadi wa kusifiwa. Jumatano mama yake alikuwa na miadi ya kutolewa mtoto wa jicho, aliyoingoja tangu kiangazi.

Alifika ukingoni akisukuma kiti chake cha kutelezea, chenye vyuma virefu vya kuteleza barafuni, akapiga simu.

"Tuure, daraja limeishia majini."

"Mama, niko kazini. Nina meli ya chumvi nyuma yangu."

"Sikukuuliza una nini nyuma. Mbele yangu kuna bahari."

"Si ungeniambia miadi ni leo?"

"Nilikwambia Krismasi. Ulikuwa unatafuna."

"Basi waombe siku nyingine."

"Siku nyingine ni vuli. Mpaka vuli nitakuwa nasalimia miti."

Tuure alikata simu. Ndivyo wanaume wetu wanavyokubali. Akageuza pua ya meli kuelekea kwenye barafu ngumu aliposimama mama yake, akaamuru ngazi ishushwe. Nahodha wa meli ya chumvi akaita redioni: mbona wanasimama, naye ataganda hapo?

"Kuna abiria," alisema Tuure.

"Abiria gani?"

Ghuba nzima ilikuwa inasikiliza.

"Mama yangu."

Aune, aliyeapa miaka yote kwamba hatakanyaga kile chuma, alipanda na kiti chake. Akapewa kahawa.

"Hii ni kahawa, au mmesuuza sufuria?"

"Samahani, mama," wakajibu mabaharia wenye ndevu.

Meli ya chumvi ilikwama, kama ilivyoahidi. Tuure akarudi nyuma, akapita ubavuni mwake karibu sana ili kulegeza barafu iliyoibana, ikagoma. Akazunguka, akapita tena. Aune alitazama saa kwa jicho lililobaki.

"Bidii hii ungeitia kwenye daraja, ningekuwa nimeshafika."

"Mama, tafadhali."

"Usiniombe tafadhali. Endesha."

Meli ya chumvi ikang'oka, na Aune akashushwa bandarini. Hospitalini alikuta zamu yake imepita; akaketi mlangoni kwa daktari na kiti chake cha kutelezea, akikataa kukipeleka nje, mpaka wakaona ni rahisi zaidi kumpasua.

Ijumaa alirudi kwa miguu. Mabaharia wa Tuure walikuwa wamelirefusha daraja, na Tuure mwenyewe alisimama upande wa pili, mikono mifukoni, akisubiri asifiwe. Aune alifika katikati, akainama, akatazama kwa jicho lake jipya.

"Tuure," aliita. "Mbao hizi mpya hazilingani na zile za zamani."

Kisha akavuka.