Éliakim na Waya ya Commandant

Éliakim hapana alizaliwa mutu ya maji. Alizaliwa kule juu Masereka, kwenye baridi na viazi, na siku alishuka Kyavinyonge mara ya kwanza akaona ziwa, aliniuliza: « Mujomba, hii yote ni ya nani? » Nikamujibu ni yangu. Akaamini siku mbili.

Mie njo Kasika, mujomba yake, mama yake na mie tulinyonya titi moja. Masomo nilifika mupaka quatrième primaire, darasa ya ine, kiisha mwalimu akaona namusumbua na akili. Donc munaposoma hapa maisha ya Éliakim, mujue imeandikwa na mutu mwenye alikuwa pale pale, tena mwenye alikuwa anaona vizuri kupita wengine. Ile ya kuona vizuri, tutairudilia.

Alikuwa fundi ya mbao: meza, milango, masanduku ya marehemu. Vita ya pili ilipotufikia, baasikari balibeba moteri zote za ziwa, hata ile ya paroisse ya bapadri. Bavuvi balibakia na kasia na mabega. Éliakim aliangalia ule upepo wenye unavumaka kila siku kisha saa sita, akasema muti ya mukaliptusi ikisimama katikati ya mutumbwi, na bâche, turubai ya wakimbizi, ikifungwa pale, mabega inaweza kupumzika. Batu balicheka. Mie nilicheka kupita bote. Kisha mwezi moja, samaki yake ilikuwa inafika sokoni wakati ya wengine ingali ziwani, na bale balicheka balikuja mulangoni kwake kuomba mulingoti. Mie nilikuwa wa tatu kwenye mulolongo.

Kila mulingoti aliishikisha na câble tatu, waya za breki ya velo zenye alisokota pamoja, zilishuka mupaka kwenye misumari ndani ya mutumbwi. Shida ilibakia ndege. Munajua bale ndege bakubwa ya kipara, benye banasimamaka kando ya soko sawa bahuissier, makarani ya mahakama? Balikuwa banakaa juu ya mulingoti na kuchafua bâche mupaka inaoza. Njo pale mie nilitoa akili. Nilisema: tufunge rayons, zile chuma nyembamba za gurudumu ya velo, kule juu kabisa, zisimame sawa miiba. Nilipanda mie mwenyewe kuzifunga.

« Mujomba, uko na kichwa! » Éliakim akasema.

Ile neno nalikumbuka kila siku.

Mutumbwi inalalaka kwenye kajito kenye kanaingia ziwani. Upande wa huku kulikuwa dépôt, ghala ya zamani, na ndani yake groupe ya mazout, mashini ya umeme. Upande wa kule, kwenye nyumba ya muchuuzi mwenye alikimbia, alikuja kukaa Commandant. Commandant alitaka taa na bia ya baridi. Baasikari balikata nguzo za mukaliptusi, bakavusha waya mbili za shaba juu ya kajito, waya uchi, bila nguo hata kidogo.

Éliakim alipima na bambu refu. Waya ilikuwa mita saba, mulingoti mita tano na nusu. Akafurahi. Lakini mangaribi viboko banapandaka kula majani, na kiboko yoyote mwenye mugongo inamuwasha atatafuta muti ya kujikwaruza. Nguzo za Commandant zilibapendeza sana. Kila wiki zililala kidogo, kila wiki waya ilishuka kidogo, na mvua ya mwezi wa kumi ilikuwa inapandisha maji. Éliakim alipima tena. Kisha akapima tena. Akachukua samaki mbili na kofia mukononi, akavuka kwenda kuona mukubwa. Mie nilimusindikiza, maana kuongea na bakubwa ni kazi yangu.

« Mon Commandant, waya inashuka. »

« Waya inashuka, ao mulingoti yako inapanda? »

« Nguzo zinalala. Ni viboko. »

« Kata mulingoti. »

« Nikiikata, bâche itafagia maji. »

« Basi ufagie. Ziwa ni chafu. »

Baasikari bakacheka. Mie pia nilicheka kidogo, ile ya adabu. Samaki ilibakia, sisi tukarudi.

Kutoka siku ile tulipitisha mulingoti kwa masikio. Groupe ilikuwa inawaka saa kumi na mbili ya mangaribi, na ikiwaka unaisikia mupaka sokoni: tu-tu-tu-tu. Mutumbwi ikikaribia kajito, Éliakim anainua mukono, bote bananyamaza, hata mutu mwenye anakohoa anameza kikohozi. Kama ni kimya, banapita. Kama inalia, banabakia inje na kuangusha mulingoti kwa nguvu ya batu ine, kazi ya kuvunja mugongo. Ilikuwa sheria yetu na ilitutosha. Tena ilitutosha vizuri sana, mupaka tukaacha kuangalia juu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya tano, Ijumaa, saa tisa ya muchana, na mvua. Commandant alipokea bageni, akataka bia ibaridike mapema. Mie nilikuwa chini ya mabati ya dépôt na Stanislas, mécanicien ya groupe, asikari lakini mutoto muzuri. Tulikuwa tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na groupe ilikuwa inalia nyuma yetu. Nikaona bâche ya Éliakim inaingia. Éliakim nyuma kwenye kasia, shemeji yake Kamate katikati, mukono kwenye câble. Éliakim aliinua mukono wake. Bakanyamaza. Bakasikiliza.

Mvua, batoto yangu. Mvua juu ya maji hapana inaacha sauti ingine kupita.

Nilitoka mbio, nikapiga kelele. Mie Kasika, mwenye sauti yangu ikianza wimbo kanisani batu ya Kasindi kule mbali banaitikia! Ile siku hapana ilifika hata mita kumi. Éliakim alishusha mukono, ile ishara ya kusema ni kimya, tupite.

Rayons zangu zilikamata waya. Moto ya bleu ilishuka kwenye câble, na sauti sawa mutu anapasula shuka mupya. Kamate alisimama wima. Mukono yake ilifunga juu ya câble na hapana iliachilia. Alikuwa anatuangalia, kinywa wazi, bila sauti. Éliakim aliruka kumushika.

« Hapana gusa! » nilipiga kelele. Ile pia hapana aliisikia. Lakini mutumbwi ilikuwa inaenda na upepo, ikavuta waya, waya ikakatika, ikaanguka ndani ya maji. Nyuma yangu groupe ikakohoa, ikakufa. Kamate akaanguka mbele kidogo ya mikono ya Éliakim. Kidogo tu, sawa upana wa sahani.

Kamate alipona. Vidole tatu vya mukono wa kuume vilijikunja na havikufunguka tena. Mulingoti ilipasuka kutoka juu mupaka chini, na pale misumari ya câble ilikuwa, mbao ilikuwa makaa, na matundu yenye maji ilikuwa inapanda.

Commandant alishuka na miavuli mbili, moja yake na moja ya bia.

« Mulingoti yako imenikatia courant. »

Baasikari balivuta mutumbwi mupaka kwenye lupango, uwanja ya nyumba ya Commandant. Alisema: mukubwa yake atatoka Beni siku ya yenga, Jumapili, kama hapana taa, mutumbwi itakuwa kuni, na Éliakim atabeba masanduku ya masasi ya bunduki na batu ingine kwenye njia ya Beni. Tulijua ile njia. Wa mwisho kubeba balikuwa batu tisa. Kofia moja njo ilirudi.

Kesho yake, siku ya posho asubui, mbele ya kupanda nguzo kutengeneza waya, Éliakim alienda kwa Stanislas.

« Hii groupe inawashwa na nini? »

« Na manivelle. »

« Ziko ngapi? »

« Moja. Lakini Éliakim, yule Commandant akisikia kiu, hapana anaulizaka nani iko juu. »

« Njo maana nataka uniazime. »

Alifunga manivelle kwenye kiuno, chuma ya kuzungushia groupe, nzito sawa mutoto ya miezi sita. Akaanza na nguzo: alizisimamisha tena, akazizungusha mawe makubwa. Kisha akapanda. Chini yake, kwenye matope, kiboko moja mushenji alikuwa anapumua. Éliakim alisafisha shaba na kisu, akasokota ncha na ncha, akagonga na nyundo.

Commandant alitoka na singlet. « Bia iko moto! Stanislas, washa! »

« Mon Commandant, manivelle hapana iko. »

« Iko wapi? »

Macho yetu yote ilipanda. Na yake ikafuata.

« Wee! Angusha ile kitu! »

« Itashuka na mie, mon Commandant. »

Commandant alitoa bastola. Alinyoosha mukono, akaangalia Éliakim, akaangalia manivelle, akaangalia matope chini, na kiboko. Groupe moja, manivelle moja, na mukubwa yake kesho. Alihesabu pole pole, sawa mutoto kwenye ubao. Kisha akakaa juu ya bidon ya mazout, bastola kwenye goti.

« Nakungoja, » akasema.

Alingoja masaa tatu. Éliakim hapana alijiharakisha. Alipomaliza kuunga, alipandisha waya mita moja na nusu juu ya pale ilikuwa siku ya kwanza, na Commandant akimuangalia. Akashuka, akamupatia Stanislas manivelle, akasimama mbele ya bastola na kofia mukononi.

Taa ikawaka. Commandant akarudisha bastola ndani ya mufuko.

« Beba takataka yako, » akasema.

Éliakim aliziba matundu na bati na goudron, lami ya barabara. Mulingoti mupya aliitengenezea goti: bawaba ya mulango pale chini, na kamba moja, mutu moja anaweza kuiangusha na kuisimamisha. Mulingoti zote za kajito alizibadilisha vile. Rayons alizing'oa yeye mwenyewe, hapana aliniambia nipande. Ndege banachafua bâche vile banataka.

Vita iliisha, ao walau ile moja. Commandant alienda, waya ikaibiwa, nguzo zikapikia maharagi. Juzi nilikuwa ndani ya mutumbwi na Éliakim na Kamate. Jua kali, maji kimya. Tulipofika kwenye kajito, Éliakim akafungua kamba, akaanza kuangusha mulingoti.

« We mutoto, » nikasema, « waya iko wapi? Kichwa yako imebakia kwa Commandant? »

« Mujomba, ile siku ya mvua, uliisikia groupe? »

« Niliisikia. Nilikuwa karibu yake. »

« Siye hapana tuliisikia. »

Kamate alikuwa anaangalia maji, mukono yake mubovu chini ya kwapa. Nikashika kamba, nikamusaidia Éliakim kuilaza.