Kiroboto na Jogoo wa Mama

Mkata nakshi huyu walimwita Kiroboto, na jina halikumwonea hata kidogo. Alipokuwa bado tumboni, mama yake alikuwa akiweka bakuli la uji juu ya tumbo na uji ukijikoroga wenyewe. Siku ya kuzaliwa hakungoja hata mkunga anawe mikono. Na alipooa, kitanda kilihama kutoka ukutani mpaka mlangoni, majirani wakachekeana wakidhani mambo ni mengine, kumbe ni mguu wake wa kulia tu, ule unaotikisika hata mwenyewe akiwa amelala fofofo. Mkewe alilala akiwa ameshika nguzo ya kitanda kama abiria.

Mtu wa namna hiyo, Mungu naye kwa utani wake, akampa kazi ya kungoja.

Kazi yenyewe ni hii. Mteja anataka ua kwenye mlango wa kabati, au ndege juu ya kitanda. Picha inachorwa kwenye karatasi, karatasi inabandikwa kwenye ubao, kisha msumeno wa mashine, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, unapanda na kushuka ukifuata mistari. Fundi mwenye roho yake mahali pake huanza kwa kuuvika ubao selotepu pana, anapaka gundi juu ya selotepu, analaza karatasi, anaipapasa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, halafu anakaa. Anakaa mpaka gundi ikauke. Akimaliza kukata, anavuta selotepu na karatasi inaondoka nayo kama ganda la ndizi, ubao unabaki msafi kama mtoto aliyeogeshwa.

Kiroboto alipita njia zote hizo isipokuwa ya kukaa. Selotepu kwake ilikuwa kupoteza wakati. Alipaka gundi kwenye mbao yenyewe, akabandika, akakata, kisha akaikwangua karatasi kwa msasa mpaka ikawa unga. Na kwa nini isiwe unga? Ilikuwa nakala tu.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani, na walifanya kazi chumba kimoja, cha mbele, yeye upande wa dirisha na mumewe upande wa mlango. Magauni yake yalinukia mbao mpaka wateja wakadhani ni manukato.

“Sisi wenzenu tunabana karatasi kwa pini,” alikuwa akimwambia. “Kitambaa kikishakatwa karatasi inarudi zake kwenye boksi. Nyie mnabandika kama matangazo ya uchaguzi.”

“Wewe umewahi kupiga pini kwenye mbao?”

“Na wewe umewahi kukaa?”

Basi asubuhi moja akaja dada yake Kiroboto, mkubwa wake, mwanamke mzito wa mwili na mzito wa maneno. Yeye akikaa amekaa. Kiti ndicho kinachoomba ruhusa. Alitoa kifuani kitambaa, ndani ya kitambaa karatasi ya kaki, ile ya kufungia sukari, iliyokunjwa mara nne, na mikunjo yenyewe imechakaa mpaka mwanga unapenya.

Ndani yake alikuwamo jogoo. Aliyemchora ni mama yao, kwa penseli bapa ya mumewe seremala, siku moja tu katika maisha yake ambayo alishika kitu cha kuandikia. Alikuwa jogoo wake mwenyewe, yule jeuri aliyekuwa akiwafukuza watoza ushuru mpaka wakalipa wao. Mguu mmoja ulimtoka vibaya, kifutio hana, akachora mwingine pembeni na ule wa kwanza akauacha. Kwa hiyo jogoo ana miguu mitatu. Mama hakupenda kupigwa picha; akiona kamera alijifunika khanga. Alipoondoka duniani, kitu pekee kilichobaki cha mkono wake kikawa huyo jogoo.

“Namtaka kwenye mlango wa kabati langu la vyombo,” dada akasema. “Toa nakala, ubandike nakala, ukate nakala. Karatasi yangu naifuata leo hii alasiri. Nirudie?”

“Dada, kwani mimi mtoto?”

“Mtoto angenisikiliza.”

Akaenda zake sokoni.

Kiroboto alikwenda kweli kutoa nakala, mtu asimsingizie. Alifika dukani akakuta mbele yake mzee mwenye faili nene kama godoro, anatoa nakala ukurasa baada ya ukurasa na kila mmoja anausoma kwanza. Kiroboto akasimama kwa mguu huu, akasimama kwa mguu ule, sakafu ya duka ikaanza kuchimbika. Akatoka. Moyoni anajiambia, kaboni ninayo nyumbani, nitamnakili mwenyewe.

Nyumbani akauona ubao umeshapigwa msasa unamng'aria. Akaona, badala ya kukaa bure akinakili, bora gundi ianze kushika. Akapaka. Na kwa kuwa kopo la karibu lilikuwa la gundi ya milango, ile isiyoogopa mvua, akapaka hiyo hiyo. Kisha akageuka kutafuta kaboni, huku, kaboni haipo, kule, kaboni imechanika, na gundi nyuma yake inaanza kukunja uso kwa joto. Gundi ikishapakwa, mikono ya Kiroboto haijui neno subiri. Mikono ikachukua karatasi iliyokuwa mezani, ikailaza, ikaipapasa vizuri kutoka katikati kwenda pembeni, na haikuacha hata kiputo kimoja. Hajawahi kubandika vizuri kama siku ile.

Ndipo kichwa kikafika. Jogoo wa mama alikuwa anamtazama kwa jicho moja.

Mama Pacha alikuwa anapinda gauni, akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu aolewe: mguu wa mumewe umenyamaza. Akaruka kutoka kwenye cherehani.

“Baba Pacha! Umekufa?”

“Bado,” Kiroboto akasema. “Nitakufa alasiri.”

Mama Pacha akautazama ubao, akashika kinywa. “Usiniambie ndiyo yenyewe.”

“Ndiyo yenyewe.”

“Na gundi?”

“Ya milango.”

“Mungu wangu. Na mimi nitaolewa na nani sasa?”

Hapo ndipo ukaanza mkimbio. Kiroboto alishika pembe ya karatasi kwa ukucha, ukucha ukarudi na manyoya ya kaki. Akaacha mbio. Akaleta kitambaa cha maji ya moto, akaweka, akangoja kufumba na kufumbua, akafunua: gundi inamcheka, karatasi ndiyo inayolainika. Akakitupa kitambaa. Akaomba pasi ya mkewe, akafunika karatasi kwa khanga, akaipitisha juu. Jogoo akaanza kuwa wa kukaangwa. Akairudisha pasi. Akakimbilia mafuta ya taa, akadondoshea kidogo kwenye mkia, na jamani, mkia ukatoweka! Karatasi iligeuka kama kioo, mbao ikaonekana, mstari wa penseli ukazama. Kiroboto akapiga ukelele wa mtu aliyekanyaga kaa la moto. Alizunguka chumba, akatoka nje, akaingia kwa mlango wa nyuma, akatoka tena wa mbele, majirani wakadhani kuna Kiroboto wawili. Aliporudi mafuta yamekauka, mkia umejirudia mahali pake, na jogoo bado kashika ubao kama kupe.

“Usiguse tena!” Mama Pacha akamzuia. “Kila ukigusa unamchuna mama mkwe wangu. Hiyo karatasi unaionea bure. Karatasi ndiyo ya mama. Ubao si wa mama.”

Kiroboto akasimama. Mguu ukaanza tena kutikisika, polepole, kisha kwa kasi, na vikopo vya misumari rafuni vikaanza kugongana.

“Rudia.”

“Nimesema ubao si wa mama.”

“Basi uondoke ubao!”

Akatandika blanketi kwenye meza ya kazi, akamlaza jogoo kifudifudi, akabana ubao kwa vipande vya mbao pembeni, akachukua randa akaanza kupiga mgongo wa ubao. Ulikuwa ubao mnene kama kidole gumba. Karatasi haikutaka kuachana na mbao. Sawa, mbao itaiacha karatasi, uzi kwa uzi, mpaka ibaki ngozi tu. Na hii sasa haikuwa kazi ya kungoja, ilikuwa kazi ya kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mwili wa Kiroboto uliumbwa kwa hiyo. Maranda yaliruka yakajaa sakafu, yakafika magotini, yakatoka dirishani. Kuku wa jirani walikuja wakatagia humo. Mama Pacha alishona akiwa amekalia maranda, kiti chake hakionekani.

Katikati ya hayo mlango ukafunikwa na kivuli. Dada amefika, na kapu la mboga mkononi.

“Hodi kwa wenye maranda. Wifi, hujambo?”

“Sijambo, wifi,” Mama Pacha akajibu, sauti imekuwa nyembamba kama sindano yake.

“Kiroboto, karatasi yangu iko wapi?”

Kiroboto hakuinua kichwa. “Iko chini, dada.”

“Chini ya nini?”

“Chini ya ubao.”

“Na ubao uko wapi?”

“Unaondoka.”

Dada akautazama ubao, akatazama kopo la gundi, akatazama blanketi. Akaweka kapu chini taratibu, hata vitunguu havikugongana. Mama Pacha akasogeza mkasi mbali.

“Umembandika mama,” dada akasema.

“Nimembandika, dada. Mikono ilitangulia.” Akaacha randa. “Nipige kwanza kisha niendelee, au niendelee kisha unipige?”

Machozi yalimlenga dada, lakini machozi yake nayo ni mazito, hayadondoki ovyo. Akavuta stuli, akakaa, stuli ikasema neno. “Endelea. Ukiacha sasa hivi nitakupiga kwa hiyo hiyo randa. Na ukimtoboa, usinitafute tena nikiwa na shida au raha.”

Kwa hiyo akaendelea, na sasa ndipo shughuli ilipokuwa. Ubao ulifika unene wa kidole cha mtoto, ukafika wa sarafu. Randa haikufaa tena. Pigo moja la tamaa lingepita mpaka kwa jogoo. Akachukua kipande cha kioo kilichovunjika, kile ambacho mafundi hukwangulia, akaanza kukwangua taratibu. Mguu ulitaka kwenda. Akaukanyaga kwa mwenzake. Bega likataka kwenda. Dada akaliwekea kiganja, na kiganja cha dada ni kama kuwekewa gunia la chumvi. Jasho lilimtoka mpaka akaogopa litadondokea kazi, Mama Pacha akawa anampangusa kwa pindo la gauni la mteja.

Mbao ikawa kama ukucha. Ikawa kama ganda la kitunguu.

“Inua,” dada akanong'ona.

Kiroboto aliiinua kwa vidole viwili, akaipeleka dirishani. Jua la alasiri likapita ndani ya mbao, likapita ndani ya kaki, na jogoo akawaka mzima, mwekundu wa asali, kilemba, mkia, jicho moja jeuri na miguu yote mitatu. Pembeni tu, pale pa ukucha, palikuwa na kovu. Kuku wa jirani ndiye aliyelia kwanza.

Dada akaishika. Akaipindisha kidogo, ikapinda ikarudi. Alikuwa ameikunja na kuikunjua miaka yote, na katikati ya jogoo mkunjo ulikuwa umebakiza nyuzi chache kabla haujakatika vipande viwili. Sasa mikunjo yote ilikuwa imelala juu ya mbao, imeshikwa.

“Usidhani umesamehewa,” akasema.

“Sidhani, dada.”

“Maana naona unaanza kutabasamu.”

“Ni mguu, dada, umepanda mpaka mdomoni.”

Mama Pacha akacheka akaangukia kwenye maranda. Dada akajikaza, akajikaza, stuli ikatikisika.

Walimsimamisha jogoo kwenye kioo cha dirisha, wakaweka karatasi nyeupe juu yake, na kwa mwanga ule Kiroboto akafuata mistari ya mama kwa penseli. Alipofika miguuni akasita. “Dada, huu wa tatu tuuache? Watu watauliza.”

“Mama alichora mitatu.”

“Lakini aliukosea.”

“Chora mitatu, Kiroboto. Makosa yenu yanafanana.”

Akachora mitatu. Ukaletwa ubao mwingine. Safari hii Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyekata selotepu kwa mkasi wake akauvika ubao kama anavyovika mtu gauni, Kiroboto akapaka gundi juu ya selotepu, akalaza nakala, akapapasa kutoka katikati kwenda pembeni. Halafu mkono wake, kwa mazoea, ukanyoosha kidole kuwasha mashine.

Dada akaudaka hewani. Akauweka kwenye paja lake, akaweka wake juu.

“Tunangoja ikauke,” akasema. “Mimi na wewe.”

Na wakakaa pale, jogoo akiwaka dirishani, mguu wa Kiroboto ukienda, stuli ya dada ikienda nao, mpaka meza, cherehani na kapu la vitunguu vyote vikawa vinacheza chumba kizima, isipokuwa ule ubao mmoja ambao Mama Pacha aliukumbatia kifuani ili gundi ipate amani.