Jiko la Wali Lililotutangulia Kuingia

"Linapumua! Mama, usiingie, linapumua!"

Huyo ni mimi nilikuwa napiga kelele, na sioni aibu. Ungekuwa wewe ungeshajikojolea.

Hebu fikiria. Unafungua mlango wa nyumba mpya ambamo hajawahi kulala mtu. Hamna kiti, hamna pazia, hamna hata mende. Halafu katikati ya sebule, sakafuni, peke yake, jiko la wali la umeme. Limechomekwa. Taa nyekundu inawaka. Linatoa mvuke kwa juu: fff... fff...

Na harufu. Weee!

Ngoja nianzie mwanzo, maana nina hamu ya kusema mpaka vidole vinagongana.

Naitwa Ye-dam. Nimemaliza chuo, nimesomea takwimu, naishi Gunsan na mama yangu, Bong-sun. Mama ni shemasi kanisani na yuko kwaya. Ibada ya alfajiri hakosi hata theluji ifike magotini.

Na ni mwoga kuliko kuku wa sikukuu.

Anaogopa nini? Kuhama nyumba.

Si mnajua mambo yetu huku Korea. Wazee wanasema kuna pepo wanaozunguka: leo mashariki, keshokutwa kusini, hivyo hivyo mpaka wamalize pande zote nne. Ukihamia upande waliko, umewafuata mwenyewe. Katika kila siku kumi za mwezi mwandamo wanapumzika mbili tu, ya tisa na ya kumi. Hizo ndizo siku safi. Siku hizo nusu ya mji inahama, magari ya kubeba mizigo yanagombaniwa miezi miwili kabla. Siku nyingine wabebaji wanacheza karata.

Ukiikosa siku safi, kuna ujanja. Unatanguliza jiko la wali. Unalipeleka nyumba mpya siku safi, unalichomeka, linabaki na wali wa moto. Pepo wakipita wanasema, aa, huyu kashahamia.

Yaani pepo wenyewe mbumbumbu hivyo! Wanadanganywa na jiko! Na watu wazima, wenye shahada na miwani, wanaamini.

Sisi wa kanisani tunasema hatuamini.

Tunasema.

Miaka mitano iliyopita baba alituhamisha siku chafu. Alicheka, akabeba kabati mgongoni, akasema siku zote ni za Mungu. Siku ya kumi na moja akadondoka bafuni. Moyo. Hakuamka.

Tangu hapo mama hajahamisha hata meza. Tumekaa chumba cha nusu ardhini, dirisha linatazama viatu vya wapita njia, ukungu ukutani unapanda kama ramani. Mama anakohoa mwaka mzima.

Halafu mwezi juzi akashinda bahati nasibu ya nyumba za serikali! Ghorofa ya saba, jua linaingia mpaka jikoni. Barua inasema mwisho wa kuhamia ni Ijumaa, la sivyo inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Unajua barua nimeikuta wapi? Kwenye friji la kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha na pilipili. Imefichwa chini ya ndoo, inanuka kitunguu saumu.

"Mama, hii nini?"

"Nilikuwa naitunza isipotee."

"Kwenye kimchi?"

Akairudisha ndoo mahali pake. Nikajua. Siku safi ya mwisho kabla ya ile Ijumaa ilikuwa Jumamosi, na magari yote ya Jumamosi yameshachukuliwa. Siku safi nyingine ni Jumatatu, baada ya mwisho wa barua. Nafasi pekee waliyobakiza ofisi ya nyumba ni Jumatano, siku ambayo pepo wako kusini.

Na nyumba mpya iko kusini.

Nilimcheka, jamani. Nilimcheka mama yangu mzazi. "Wewe unaimba Bwana ni ngome, halafu unakimbia kalenda?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Cheka tu, mwanangu. Wewe hukumkuta baba yako bafuni."

Ndipo akaingia Kwonsa Maeng.

Kwonsa ni cheo cha akina mama wakubwa wa kanisa letu, na huyu Maeng Ok-ja ni mkubwa kuliko cheo chenyewe. Sauti kama spika ya mnadani. Nywele kazikausha kwa dawa mpaka zimekuwa kofia ya pikipiki. Yeye ndiye bingwa wa kuwavusha waoga. Katika miaka hii mitano ameshasimamia familia tisa zilizohama siku chafu, na kila moja akaitolea ushuhuda madhabahuni kama yeye ndiye alibeba makabati.

"Shemasi Bong-sun!" Hakuvua hata koti. "Shetani anakucheka!"

"Naogopa, Kwonsa."

"Unaogopa nini wakati mimi nipo? Jumatano unahama. Nitaingia mbele yako mimi mwenyewe. Pepo wakitaka mtu waanze na mimi!"

Mimi pembeni nimegeuza macho mpaka nikaona ubongo. Kujisifu gani huku! Lakini mama alimshika mkono yule mama kama mtu anayezama. Akasema, "Haya. Jumatano."

Jumamosi kikundi cha akina mama kilienda kusafisha nyumba mpya. Kwonsa ndiye alibaki mwisho, ati afunge madirisha.

Jumatano, saa nne asubuhi. Gari la ngazi, lile la kupandishia mizigo kwa nje, limeshainua ngazi yake hadi dirisha la ghorofa ya saba. Bosi wa wabebaji, mzee Pyo, anatafuna kijiti cha meno.

"Leo ndiyo siku yangu ya kulala," akaniambia. "Ila nyie watu wa kanisa mnanitoa kitandani kila mara."

"Sisi hatuogopi kalenda, mjomba."

"Naona. Mama yako kawa mweupe kama tofu."

Kweli. Tukapanda. Mama kasimama mbele ya mlango, Kwonsa kando yake, mimi nikabonyeza namba za kitasa. Mfukoni mwa jinzi nilikuwa na vitu vyangu, haviwahusu kwa sasa.

Mlango ukafunguka. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Mama aliliona jiko, magoti yakamwisha. Akakaa chini koridoni na begi lake mapajani.

"Kuna mtu humu. Kuna mtu keshaingia. Ye-dam, twende nyumbani."

"Nyumbani ndiyo hapa, mama!"

"Siingii. Waipe nyumba huyo mwingine. Siingii."

Kutoka chini mzee Pyo akafoka, "Ngazi iko juu! Napandisha au nashusha?"

Wazia. Nyumba inapotea mbele ya macho yangu kwa sababu ya sufuria! Tunarudi kwenye ukungu, mama anakohoa mpaka anazeeka, kisa sufuria!

Nikamgeukia Kwonsa. "Si ulisema utaingia kwanza? Haya, ingia!"

Spika imekatika umeme. Anatazama viatu vyake.

Nikaingia mwenyewe kwa hasira. Sasa, haya majiko yetu yana kioo kidogo mbele, kinaonyesha wali umekaa moto saa ngapi. Nikainama.

Themanini na tisa.

Msichana wa takwimu nikahesabu kurudi nyuma. Jumanne, Jumatatu, Jumapili... Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Jumamosi. Siku safi. Na saa kumi na moja jioni ndani ya nyumba hii alikuwepo mtu mmoja tu, anafunga madirisha.

"Kwonsa Maeng," nikasema. "Madirisha yalifungika vizuri?"

Akawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Jiko ni lako?"

"Ye-dam, mwanangu, sikiliza..."

"Jiko ni lako?"

"...Ni langu."

Nilicheka kicheko kibaya. Sijawahi kumdharau mtu vile, nawaambia ukweli. "Na zile familia tisa?"

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Zote."

"Zote uliwatangulizia jiko!"

"Zote. Nilikuwa nalitoa asubuhi kabla hawajafika. Leo basi limechelewa, nikawakuta mko chini tayari."

Yaani shujaa wa imani! Simba wa madhabahu! Kumbe anatembea mjini na jiko la wali kwenye kitambaa kama mwizi wa harusi. Nikamwambia yote hayo, na mengine siyaandiki hapa kwa kuwa shangazi zangu wanasoma.

Kwonsa alimtazama mama pale sakafuni.

"Bong-sun. Baba Ye-dam alikuwa ameshaweka gari la siku safi. Mimi ndiye nilimpigia simu. Nikamwambia, shemasi mzima unaogopa kalenda? Akabadilisha siku kwa maneno yangu." Akavuta kamasi. "Siku ya kumi na moja nilivaa nyeusi. Tangu hapo sijaweza. Mdomo unahubiri, mkono unabeba jiko. Sikutaka afe mwingine kwa maneno yangu."

Jiko tu: fff... fff...

Nikasubiri mama alie. Au amrukie, maana mimi ningemrukia.

Mama akasema, "Miaka mitano umebeba hilo?"

"Ndiyo."

"Jinga wewe."

Kwonsa akapepesa macho. Hakuna mtu kanisani aliwahi kumwita hivyo.

"Mwaka mzima kabla, daktari alimwambia baba Ye-dam aache sigara," mama akasema. "Aende apimwe moyo. Hakwenda. Aliogopa sindano, yule mwanaume wa kubeba kabati! Mimi nilijua, nikanyamaza, nikaona nafuu kuwalaumu pepo." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Kumbe tulikuwa wawili. Mimi naogopa kwa kukimbia, wewe unaogopa kwa kelele."

Akasimama. Magoti bado yanacheza, niliyaona.

"Ye-dam, chomoa hilo jiko."

Nikainama kuchomoa. Na hapo, jamani, hapo Mungu alinionyesha kwamba naye ana utani wake.

Mfuko wa jinzi ukapinduka. Tatatata! Punje za maharage mekundu, yale ya kufukuzia pepo, zikamwagika sakafuni. Zikaruka mpaka kwenye viatu vya Kwonsa pale mlangoni.

Nilizinunua sokoni Jumanne. Nilipanga kutupa tatu kila kona mama asipoangalia.

Usiniulize. Siku ya kumi na moja ya baba na mimi nilikuwepo.

Mama akaokota punje moja, akaitazama, akanitazama.

"Na wewe, msomi?"

Mimi, wa kucheka mama! Mimi, wa kumtukana mama wa watu koridoni! Kwonsa akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Anacheka. Kofia ya nywele yote inacheka.

"Tokeni wote," mama akasema. "Jiko nje. Maharage nje. Nyie nje."

Akavuta mlango ukafungika, naye yuko nje pamoja nasi. Tumesimama watatu koridoni, jiko mikononi mwa mwenyewe, maharage kiganjani mwangu, kama watoto waliokamatwa na vibuyu vya jirani.

Mama akaweka hata begi chini. Mikono mitupu. Akafumba macho. Nilitegemea sala ndefu, kwa kuwa mama akianza kuomba chai inapoa.

Akasema hivi tu: "Bwana, naogopa. Sina cha kutanguliza. Tangulia wewe."

Akabonyeza namba. Akaingia. Mguu wa kwanza ulitetemeka, wa pili haukutetemeka.

Akaenda moja kwa moja dirishani, upande wa kusini kabisa, akachungulia chini.

"Mzee Pyo! Pandisha!"

Mchana tulikula tambi nyeusi juu ya magazeti kama ilivyo kawaida ya siku ya kuhama. Kwonsa alikula bakuli mbili. Ule wali wa saa themanini na tisa ulikuwa umegeuka njano kama jino la mvutaji. Mama akaufunga kwenye mfuko wa taka bila hata kuuangalia mara mbili.

Jana, Jumapili, ilikuwa siku ya kumi na moja.

Mama aliimba kwaya, akarudi, akamenya kitunguu saumu dirishani juani. Hakohoi tena sana. Mimi nilienda dukani dakika ishirini nikampigia simu mara sita.

Ya sita akapokea: "Sijafa. Leta maziwa."

Basi ndiyo hivyo. Nilifikiri wasioogopa ni watu wenye imani kubwa, au wenye shahada. Upuuzi. Nimewaona wote wawili kwa karibu, mmoja ni Kwonsa, mwingine ni mimi, na wote tulikuwa na vitu tumeficha. Mwenye imani alikuwa yule wa magoti yanayocheza, aliyeingia mikono mitupu. Hofu ni mgeni asiyealikwa. Ukimpikia wali, anakaa.

Na bado! Jioni hii Kwonsa amenipigia simu. Kesho ibada ya alfajiri anasimama mbele, na jiko lake mkononi, awaambie zile familia tisa. Ameniomba nikamshikie waya usiburute.

Nikitoka hapo, kabla sijanywa hata chai, nitawaambia familia ipi ilizimia kwanza.