Mzee Mrija na Kozi wa Wanale

Romano Okidi hajagusa mrija wa malwa tangu Pasaka, na hata hivyo jina analoitwa mtaani Nabuyonga ni Mzee Mrija. Asiyejua kisa hudhani ni jina la mlevi. Ukweli ni kinyume chake, na inafaa uelezwe kwa utaratibu.

Malwa ni pombe ya ulezi. Huwekwa katika chungu kimoja, hutiwa maji ya moto, na wanywaji hukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu kama fimbo ya mchungaji. Mrija ni mali ya mtu. Hauazimwi, na mwenyewe huubeba akienda na akirudi, hata majirani wote wakajua anatoka wapi. Sasa, njia ya kupanda mlima Wanale kutoka nyumbani kwa Romano hupita mbele ya kilabu cha Wanyera. Jumamosi moja Romano alipita hapo akiwa na bomba jeupe la plastiki begani, lenye urefu wa mkono mzima, limezungushiwa mpira mweusi upande mmoja. Wanyera, ambaye alikuwa amemkosa mteja huyo kwa miezi kadhaa, alilitazama bomba hilo kwa heshima.

"Karibu, afande," alisema. "Lakini kwa mrija huo, wenzako watabaki na machicha."

Chungu kizima kilicheka. Kabla Romano hajafika miambani, jina lilikuwa limeshuka mlima, likaingia Nabuyonga, na sikio la kwanza kulipokea lilikuwa la mkewe, Docus.

Docus alikuwa na sababu za kulipokea vibaya. Krismasi iliyotangulia, mumewe alirudi nyumbani akiimba, amevaa viatu vya watu wawili tofauti, vyote vya mguu wa kushoto. Ilipofika Pasaka, Romano aliapa mbele ya katekista kwamba ameachana na malwa. Aliapa kwa kusimama wima, kama alivyozoea katika miaka yake ya uaskari magereza, na tangu siku ile hakuonja hata tone. Tatizo lake halikuwa kiu. Tatizo lilikuwa kwamba kila Jumamosi alishika njia ileile ya kilabu, na kila jioni alirudi na jicho jekundu.

"Jicho moja tu, Mama Trevor," alijitetea. "Mlevi huwa na mawili."

Docus alijibu kwamba hajawahi kusikia sheria hiyo.

Jicho lile lilikuwa jekundu kwa kuchungulia ndege, lingine akiwa amelifumba. Romano alianza kupenda ndege alipokuwa kazini Jinja, ambako zamu yake ilikuwa juu ya mnara wa gereza. Alipewa darubini awatazame watu, na watu walipotulia aliitumia kuwatazama mnandi na furukombe waliokuwa wakielekea mtoni. Baada ya kustaafu na kuhamia Mbale, nyumbani kwa mkewe, aligundua kozi wawili, ndege wawindaji, waliojenga kiota katika mwamba wa Wanale, karibu na maporomoko. Alimweleza Docus habari zao kila jioni: jinsi dume anavyojitupa kama jiwe, jinsi jike anavyomfokea akichelewa. Docus, ambaye goti lake halimruhusu kupanda mlima, alisikiliza kama mtu anayesikiliza shahidi ambaye ameshawahi kudanganya.

Ndipo Romano alipokwenda Jinja kumtembelea rafiki yake wa zamani, Wahab Marjan, fundi bomba. Kando ya Nile waliona mgeni mmoja ameegemeza simu yake kwenye darubini kubwa ya miguu mitatu. Juu ya kioo cha simu alionekana ndege mdiria, mwenyewe akiwa ng'ambo ya maji, lakini mkubwa kama kuku na kila unyoya wake ukihesabika. Mgeni alibonyeza, na mdiria akabaki ndani ya simu. Romano alisimama pale mpaka mgeni akaingiwa na wasiwasi.

"Kile kifaa ni nini, bwana Wahab?" aliuliza walipoondoka.

"Ni simu na darubini zilizounganishwa vizuri," alisema Wahab. "Na kuunganisha ndiyo kazi yangu."

Sokoni walipata darubini kuukuu ya macho mawili, ambayo jicho moja lilikuwa limeota ukungu. Wahab aliikata katikati kwa msumeno, akaliacha jicho bovu na kulitia lile zima ndani ya kipande cha bomba la maji. Kwa mbele aliurefusha mdomo wa bomba ili kuzuia jua. Kwa nyuma aligandisha kava la simu, akalitoboa tundu mbele ya kamera, na kulikaza lote kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Miguu mitatu ilitokana na fito za mkalitusi. Kifaa kilipomalizika hakikuvuja hata kidogo, jambo ambalo Wahab alilijaribu kwa mazoea.

Jumamosi ya kwanza Romano alirudi kutoka Wanale na picha. Docus alivaa miwani, akaishika simu mbali, kisha karibu. Pembeni pote palikuwa peusi. Katikati palikuwa na duara dogo lenye weupe, na ndani ya weupe huo kitu kama povu.

"Hiki ni chungu," alisema. "Hata mdomo wake nauona."

Romano alieleza kwamba ule ni mwamba, na povu ni maporomoko. Kadiri alivyoeleza ndivyo picha ilivyozidi kufanana na chungu, hata yeye mwenyewe akaanza kukiona. Docus alimrudishia simu taratibu. Alisema angempa Jumamosi moja zaidi. Ikipita bila ndege, wangekwenda pamoja kwa katekista, na Romano angeapa upya, safari hii mbele ya kanisa zima.

Jambo hilo lilimnyima raha. Aibu ya kuapa mara mbili aliiweza, lakini kuapa upya kulikuwa kukiri kwamba kiapo cha kwanza kimevunjika, nacho kilikuwa kizima. Alimpigia Wahab simu. Wahab alicheka kwa muda usiofaa, kisha akamwelekeza: weusi ule hutokea jicho la simu likiwa mbali mno na kioo cha darubini. Apunguze bomba kwa nyuma, kidogo kidogo, kama mtu anayenyoa mtoto. Akamkumbusha pia asibonyeze simu kwa kidole, maana kidole hutikisa kila kitu. Achomeke waya wa spika za masikioni, na kile kitufe cha kuongezea sauti kitapiga picha kutoka mbali.

Romano alikata bomba wiki nzima. Kila alipokata, alichungulia mgomba wa jirani, na kila siku duara lilipanuka, mpaka mgomba ukajaa kioo chote na jirani akaja kuuliza amekosa nini.

Jumamosi ilipofika alipita kwa Wanyera bila kugeuza shingo, akasimika fito zake mbele ya mwamba, akaelekeza bomba kwenye kiota na kusubiri. Asubuhi ilikuwa na ukungu. Ulipoondoka, alipiga picha nyingi, na katika zote kozi alikuwa amekwisha kuruka au hajafika. Mchana ulipinda. Alianza kufikiria maneno ya kumwambia katekista.

Kisha jike akatua, kitu kikining'inia katika kucha zake. Romano alishika kitufe cha waya kwa mkono wa kushoto. Wakati huohuo mwanajeshi kijana aliyekuwa akishuka mlima kwenda likizo aliona mgongo ule ulionyooka, akautambua kuwa wa askari, akatoa heshima.

"Jambo, afande."

Miaka thelathini haisahauliki. Visigino vya Romano viligongana, uso ukageukia njiani, mkono wa kulia ukapanda kwenye paji la uso na kukaa hapo. Mkono wa kushoto, ambao haukuwa na amri yoyote, ulishtuka ukabana kitufe. Kijana alipita. Romano aligeuka haraka. Kozi alikuwa ameondoka. Alifungua simu kwa kukata tamaa, akakuta picha moja mpya. Kwa kuwa hakuna mtu aliyekigusa kifaa wala kukipumulia, ilikuwa imetulia kama iliyochorwa.

Jioni hiyo alimpa Docus simu. Docus alimpa ungo wa maharage ya kuchambua, kwa kuwa hukumu isingemzuia mtu kula, akaketi karibu naye kuliko picha ilivyohitaji. Kwanza alivuta pumzi ndefu upande wa mdomo wa mumewe. Hakupata kitu. Ndipo akavaa miwani.

Aliipanua picha kwa vidole viwili. Jike alikuwa ameinama, macho yake meusi yamezungukwa na njano, na chini ya mdomo wake kinda mweupe ameachama mpaka kooni. Romano aliokota mawe na maharage yaliyooza, bila kuinua kichwa.

"Anamlisha," Docus alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mama Trevor."

"Na wewe umekaa huko tangu asubuhi, unamtazama mwenzako akila. Hukusikia njaa?"

"Nilisikia."

"Basi Jumamosi ijayo nitakufungia viazi." Aliipanua picha tena. "Na umtazame vizuri huyu mdogo. Nataka kujua siku atakayoruka."

Hakumtaja katekista. Romano alisema "sawa" kwa sauti ndogo, akarudi kwenye ungo. Alitoa kijiwe cha mwisho, akapepeta mara moja, akamimina maharage ndani ya sufuria ya maji na kuifunika.