Jicho la Mashine ya Kudarizi

Mashine yetu ya kudarizi pale mtaani Bwiza ilikuwa na mota za hatua, nami nilizichukia. Umeme ukilegea, ilikwama kidogo kwenye shingo ya kanzu, kisha ikaendelea kushona maua yake pembeni, bila aibu, kana kwamba mambo ni shwari.

Mume wangu, fundi wa mota, aliitetea.

"Haina macho, mama. Variateri inaiambia tembea hatua hizi, inatembea. Kama kitu imeishika, haijue. Yenyewe inafikiri imefika. We ndiyo jicho yake."

Basi nilikaa kando ya mashine kutwa, nikiikodolea macho. Mume wangu aliota servo. Mota ya servo, alisema, ina jicho nyuma yake linalorudisha habari muda wote: niko hapa, nimepitiliza, nimefika. Variateri, kile kisanduku kinachoiamuru, inasikia na kusahihisha. Habari ikikatika haibahatishi. Inasimama na kuwasha taa nyekundu.

"Basi na we uwe servo, papa," nilimwambia. Vita vilikuwa vimetufunza desturi: anayevuka kwenda mtaa mwingine, akifika hupiga simu kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Yeye alisahau kila mara, nami nikabaki roho juu.

Vikwazo vya biashara vilikuwa vimefunga njia za vipuri. Akasikia karakana moja Kibenga, kusini mwa mji, inafungwa, na mota zake za servo zinauzwa pamoja na variateri. Niligombana naye mlangoni. Kanzu za Idi zilijaa mezani, kazi ilikuwapo, ya nini kwenda? Akaenda.

Kabla ya adhuhuri mwenye duka aliniita. Nilikimbia.

"Nimefika, mama. Zinatumika muzuri. Narudi nazo. Umeona? Leo mi ni servo."

Nilicheka kwa sauti kwenye simu ya watu. Alasiri risasi zikalia upande wa kusini. Hakurudi jioni ile, wala hajarudi hadi leo.

Servo ingesimama. Mimi nilikuwa na watoto, na kanzu za watu. Asubuhi iliyofuata nikaiwasha mashine ile ile, nikaketi kando yake. Umeme ukalegea. Maua yakatoka nje ya shingo, yakateremka kifuani, na mashine ikaendelea tu. Jicho lake lilikuwa linatazama mlango wa duka, ng'ambo ya barabara.