Tufe Lisilo na Kiini

Mwalimu wa sayansi alikosea yeye, kisha akamtwika fundi cherehani kosa lile mbele ya wazazi ukumbi mzima. Hilo lisemwe kwanza, ndipo tumcheke fundi, maana naye anachekesha.

Mwalimu alifika dukani kwa fundi siku ya mvua, tai shingoni, akitaka mfano wa atomu kwa maonyesho ya shule.

"Atomu ndiyo nini, Mwalimu?"

"Kijipande kidogo mno, Mama Fundi. Kila kitu kimejengwa kwa vijipande hivyo. Nishonee tufe kubwa jekundu, lijae pamba sawasawa. Wekundu ndio chaji chanya. Halafu chomeka shanga nyeusi huku na huku. Hizo ni elektroni."

"Na katikati?"

"Katikati hakuna cha pekee."

Fundi akasita. Darasani hakuwahi kuingia hata kwa kufagia, lakini mito ya duara alishashona mpaka vidole vikaota sugu. Tufe la pamba tupu hubonyea. Lazima ukaze donge la matambara katikati, gumu kama jiwe, ndipo likae. Akamwambia hivyo.

Mwalimu akacheka. "Mama Fundi, hii sayansi, si foronya."

Huyu ni mwanamke aliyewahi kumfukuza bibi harusi kwa kubishania mikono ya gauni. Siku hiyo alishona kama alivyoagizwa, bila donge. Tai ilimtisha. Tai ambayo, Mungu shahidi, aliishona yeye mwenyewe.

Siku ya maonyesho alivaa gauni la kijani, akajipaka mafuta hadi viwiko vikang'aa, akakaa mstari wa mbele aonekane vizuri akipongezwa. Hata namna ya kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu alishajizoeza kwenye kioo.

Mgeni rasmi akalibonyeza tufe, kidole kikazama.

"Mwalimu, kiini kiko wapi? Mfano huu uliachwa zaidi ya miaka mia iliyopita!"

Mwalimu akageuka, akamnyooshea fundi kidole. "Nilimwelekeza vizuri, mheshimiwa. Ndiyo shida ya kufanya kazi na mtu ambaye hakusoma."

Ukumbi ukaangua kicheko. Na fundi, mjinga wa watu, akainamisha kichwa vilevile alivyojizoeza.

Nyumbani, binti yake anayesoma shule hiyohiyo alitupa begi chini. "Mama, si ungemsikiliza tu Mwalimu? Umeniaibisha!"

"Hebu nieleze hicho kiini."

Binti akaeleza kwa hasira. Zamani wataalamu walidhani chaji chanya imetapakaa atomu nzima. Kisha wakarusha chembe ndogo kwenye bamba jembamba la dhahabu. Nyingi zikapita, chache zikarudi zilikotoka. Ndipo wakajua katikati kuna donge dogo, zito.

"Donge!" fundi akaruka. "Wenzangu walihitaji dhahabu, mimi nilijua kwa foronya! Nilimwambia Mwalimu, akanikatalia."

"Sasa mbona ukumbini hukusema?"

"Nilikuwa nimeinamisha kichwa."

Binti akamtazama kwa huruma, ile inayouma kuliko kicheko. "Labda hukumwelewa, Mama."

Tangu siku hiyo Mwalimu akiliona duka huvuka barabara. Anadaiwa maneno matatu, "Kosa lilikuwa langu," nayo ayaseme ukumbini, kwa kipaza sauti, wazazi wakiwa wamekaa. Na binti anadaiwa neno moja tu, "Nakuamini." Hilo angeweza kulilipa hata leo, jikoni, bila kumngoja Mwalimu. Bado hajalilipa.