Mboga za Kando ya Ziwa

Kiangazi kile tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa tatu, ambaye hakutimiza hata mwezi. Mume wangu akalima kipande cha shamba karibu na ziwa, nje kidogo ya Kisumu, tukapanda sukuma wiki na mnavu, ambao sisi huuita osuga. Watoto wetu wawili walibeba maji kwa vidumu vidogo. Mimi nilimwagilia kwa sababu niliambiwa nimwagilie.

Mboga zilipokuwa tayari kuchumwa, kiboko alitoka majini usiku akazila. Asubuhi tulikuta mashina matupu na nyayo zake kubwa kwenye udongo. Mume wangu alikaa chini. Binti yetu alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

“Mama, wewe hulii?” akaniuliza.

“Machozi hayaji, mama,” nikamjibu.

Nilingoja nione uchungu, hata kidogo, lakini sikuona kitu. Nikachuma majani machache yaliyobaki ukingoni, nikayapika mchana ule pamoja na dagaa wa omena. Mdogo wa kiume wa binti yetu aliomba kuongezwa, nikampakulia sehemu yangu. Baadaye mume wangu alizungushia shamba miiba, tukapanda upya, nami nikaendelea kumwagilia.